Unavaa miwani na unataka kuona samaki? Chagua lenzi za maski ukiwa bado Nairobi

Mara yangu ya kwanza Kisite, ile hifadhi ya baharini karibu na Wasini, nilivua miwani nikaitia kwa begi, nikapewa maski ya kuzamia ya kukodi, nikaruka majini. Mwenye boti anapiga kelele, "Dada, kasa huyo! Huyo hapo chini yako!" na mimi naangalia naona doa la kahawia linasonga, basi. Nilikuwa nimesafiri na basi usiku mzima kutoka Nairobi, nimelipa boti, nimelipa kiingilio cha KWS, lile shirika la wanyamapori, na nilichoona siku hiyo ni rangi zimechanganyikana kama nguo kwa beseni. Iliniuma sana. Tangu hapo nimesoma hii maneno ya lenzi, nimenunua, nimekosea, nimenunua tena, na kila mtu wa kwetu mwenye miwani akisema anashuka Diani ama Watamu namkalisha chini kwanza. Kwa hivyo wewe pia kaa.

Miwani yako ya kawaida haiingii ndani ya maski. Ile mikono yake inapita katikati ya silikoni na uso, na hapo ndipo maji yanapenya. Na zile goggles za kuogelea zenye namba ziko sawa kwa swimingi puli, lakini usizame nazo, kwa sababu hazifuniki pua. Ukishuka chini maji yanakandamiza ile hewa iliyo mbele ya macho, na dawa yake ni kupuliza hewa kidogo kwa pua iingie ndani ya maski, sasa kama pua iko nje utapuliza wapi? Macho yatavutwa mpaka yawe mekundu.

Kitu kingine cha kuelewa ni kwamba maji yenyewe yanabadilisha unavyoona. Mwanga ukitoka kwa maji kuingia kwa hewa ya ndani ya maski unapinda, kwa hivyo vitu vinaonekana vikubwa kwa kama asilimia 33 na vimesogea karibu, kitu kiko mita 4 unakiona kama kiko mita 3. Ndio maana mtu asiyeona mbali mwenye namba ya -1 ama -1.5 mara nyingi anaenda na maski ya kawaida na anarudi amefurahi. Kama hiyo ndiyo namba yako, jaribu kwanza bila lenzi kabla hujatumia pesa. Lakini kuanzia -2 kwenda juu usijidanganye, huo ukubwa hauondoi ukungu, ni ukungu uleule umekuzwa.

Haya, lenzi zenyewe. Kwa watu wengi jibu ni zile zilizotengenezwa tayari, na nasema hivyo kwa sababu wengi huogopa wakidhani lazima watengenezewe kitu maalum cha bei ya kutisha. Maski ya vioo viwili, yaani kioo cha jicho la kulia na cha kushoto vimetengana, mara nyingi inakubali kutolewa vile vioo na kuwekwa vingine vyenye namba. Cressi Focus iko hivyo, Mares X-Vision pia, TUSA wana kadhaa. Lenzi zinapanda kwa nusu nusu, -1.5, -2, -2.5, mpaka -8 ama zaidi kidogo kulingana na maski, na za plasi zipo ila si nyingi. Lakini sikiza, lenzi za maski moja haziingii kwa nyingine, umbo ni tofauti, kwa hivyo usinunue maski leo ukisema lenzi utatafuta baadaye. Hakikisha kwanza lenzi za hiyo modeli zipo kwa namba yako, macho yote mawili, ndio utoe pesa. Na kabla ya hayo yote maski ikukae usoni: iweke bila kamba, vuta hewa kidogo kwa pua, achilia mkono. Ikibaki imeshika, hiyo ni yako. Ikianguka achana nayo, hata kama lenzi zake ni nzuri namna gani.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu hukosea, hata mimi. Chukua ile karatasi ya macho. Kama ni ya zaidi ya miaka miwili nenda upimwe upya, hapo mjini tu kuna maduka mengi ya miwani. Utaona SPH, CYL na AXIS. SPH ndiyo nguvu yenyewe, minasi kwa asiyeona mbali, plasi kwa asiyeona karibu. CYL ni ile astigimatizimu, jicho ambalo halijaviringika sawasawa, na AXIS inasema imeelekea upande gani. Lenzi za tayari hazina CYL kabisa. Kwa hivyo unafanya hivi: chukua CYL, gawanya kwa mbili, jumlisha na SPH, ukiheshimu alama zake. Mfano jicho la kulia ni SPH -3.25 na CYL -0.50, nusu ya CYL ni -0.25, jumla -3.50, unanunua -3.5. La kushoto SPH -2.75 na CYL -0.75, inatoka -3.125, hiyo haiko dukani, unashuka kwa -3. Kanuni ya kawaida ni hiyo, ukiwa katikati chukua ile dhaifu, kwa sababu lenzi kali kupita kiasi inafanya macho yafanye kazi siku nzima na jioni kichwa kinauma. Na kama CYL yako imeandikwa na plasi usishtuke, wapimaji wengine huandika hivyo, hesabu ni ileile: -3.00 na +1.00 inakuwa -2.50.

Kosa langu lilikuwa kutosoma CYL. Nilisoma namba ya kwanza tu nikaagiza, na duka nililoagizia halikuniuliza chochote, wakatuma. Jicho moja likawa sawa, lingine likawa na kivuli kwa kila kitu, pezi moja la samaki naliona mawili. Sasa mtu akinionyesha karatasi naanzia CYL. Ikiwa chini ya 1 huna shida. Ikifika 1.5 ama 2 ile hesabu ya nusu inaanza kukuangusha, utaona ndiyo, lakini hutaona safi, na hapo afadhali ufikirie lenzi za kutengenezewa.

Wenye namba kubwa, kuanzia kama -6, mna yenu ya ziada. Lenzi ya maski inakaa mbali na jicho kuliko ya miwani, na lenzi ya minasi ikisogea mbele inakuwa dhaifu. Kwa mtu wa -3 ikisogea sentimita moja anapoteza kama 0.1, hata hataona tofauti. Kwa mtu wa -8 anahitaji kama 0.7 zaidi ili aone vilevile. Kwa hivyo ile kanuni ya kushuka haiwafai ninyi, ninyi mkiwa katikati pandeni, na ni vizuri mtu aliyesomea macho awafanyie hiyo hesabu. Mwambie waziwazi ni ya maski, lenzi itakaa mbele zaidi. Watu wa plasi mambo yanageuka, yao ikisogea mbele inakuwa kali, kwa hivyo wao washuke.

Lenzi za kutengenezewa ni hivi: fundi anasaga lenzi yenye namba yako kamili, CYL na AXIS ndani, halafu anaigundisha upande wa ndani wa kioo cha maski. Upande wa nje unabaki bapa, na hiyo si urembo. Kioo kikiwa bapa mbele, maji hayaharibu namba yako, nguvu yote iko ndani inakoangalia hewa. Ukiweka lenzi iliyobinuka mbele, kama ya miwani, ikigusana na maji inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa hivyo mtu akikwambia atakukatia lenzi ya miwani aifanye ndiyo kioo cha maski, sema asante na uondoke. Kazi ya kugundisha inahitaji pia PD, umbali kati ya mboni zako mbili kwa milimita, na hiyo mara nyingi haiko kwa karatasi mpaka uiombe. Iombe. Ikikosewa utahisi macho yanavutwa. Maduka mengi ya Nairobi yanajua miwani sana lakini maski hawajawahi kugusa, kwa hivyo uliza, "Mmewahi kugundisha lenzi kwa maski? Naweza kuona moja?" Angalia kama kuna vipovu kwa gundi. Kama hawajawahi, usikubali maski yako iwe ya kujifunzia, ni heri kuagiza kutoka kwa wanaofanya hii kazi kila siku, hata ikichukua wiki kadhaa.

Kontakti lenzi je? Zinafanya kazi vizuri na wapiga mbizi wengi huzitumia, mradi ziwe laini. Zile ngumu zinaweza kunasa vipovu kati ya lenzi na jicho wakati unapanda juu. Chukua za siku moja, vaa maski juu yake, maji yakiingia kwa maski funga macho, na ukitoka baharini zivue uzitupe siku hiyohiyo. Hapa siongei kwa utani hata kidogo, kuna kijidudu kinaitwa akanthamiba kinachoishi kwenye maji, kikikaa nyuma ya lenzi kinakula jicho na matibabu yake ni marefu na machungu. Usizisuuze na maji ya bomba, usilale nazo baada ya kuzama, na jicho likiuma ama likiwa jekundu hata kesho yake nenda hospitali ya macho, usinunue tu dawa ya matone dukani.

Wazazi na wajomba zetu waliopita miaka 40, ninyi mbali mnaona lakini simu mnaishika mkono umenyooshwa. Kama ni kuelea juu na snokeli huenda hamhitaji kitu. Lakini ukipiga mbizi na mtungi lazima usome geji ya hewa na kompyuta ya mkononi, na kutosoma geji ni hatari ya kweli. Kuna maski zenye kidirisha cha kusomea upande wa chini, na kuna vilenzi laini vya kubandika ndani vinavyoshika kwa maji tu, +1.5, +2, +2.5. Vibandike chini kabisa, pale macho yanapoangukia ukitazama mkono, na ujaribu kabla ya safari.

Lenzi zikifika usikimbilie bahari. Kila lenzi ina upande wake, kulia na kushoto, angalia alama. Toa kioo kimoja, weka kipya, ndipo uende kwa cha pili, hivyo hutachanganya. Kioo kiwe na alama ya T ama neno Tempered, hicho ni kioo kilichokazwa, kikivunjika hakitoi vipande virefu vya kuchoma jicho. Maski mpya huwa na utando kutoka kiwandani unaofanya ukungu usioisha, kwa hivyo sugua ndani na dawa ya meno nyeupe ya kawaida, suuza, rudia mara kadhaa. ISIPOKUWA lenzi za kugundishwa, hizo mara nyingi ni plastiki na dawa ya meno itazikwaruza, tumia shampuu ya watoto peke yake. Halafu nenda puli yoyote iliyo karibu nawe, lala juu ya maji dakika 20, angalia vigae vya chini, funga jicho moja moja. Sakafu ikionekana imeinama kidogo mara ya kwanza ni kawaida, inaisha. Isipoisha, ama kichwa kikianza kuuma, afadhali ujue ukiwa Nairobi ambako unaweza kurudisha, kuliko ujue uko katikati ya bahari Wasini.

Kama hutaki kununua, piga simu kwa watu wa kupiga mbizi huko unakoenda uwape jumla yako ya kulia na kushoto uulize kama wana maski yenye namba karibu na hiyo. Wengine wanazo. Wapigie mapema, usiulize ukiwa tayari kwa boti.

Siku yenyewe beba miwani kwa kasha gumu ndani ya mfuko usioingia maji, kwa sababu ukivua maski uko kipofu tena na ngazi ya boti inateleza. Mwambie mwenzako wa majini namba zako. Kama unafanya kozi, mwambie mwalimu kabla ya lile zoezi la kuvua maski chini ya maji, akiwa mbali kidogo hutaona ishara zake, atakuja karibu ama atakushika mkono.

Na kwa sababu sisi wa Nairobi tunaishi juu, karibu mita 1,700, usitoke kupiga mbizi na mtungi mchana halafu jioni ukapanda ndege ama treni ya SGR kurudi. Ukizama mara moja subiri angalau masaa 12, ukizama mara kadhaa subiri masaa 18. Mimi hupanga siku ya mwisho iwe ya snokeli peke yake, asubuhi maji yakiwa bado yametulia, na mara ya mwisho Kisite kasa alipita chini yangu nikahesabu magamba ya mgongo wake.