Namna ya Kutafuta Kinachonyonya Betri Usiku Katika Gari la Saluni Kuukuu la Kifahari

Jirani yangu alikuwa amenunua betri ya tatu katika mwaka mmoja kabla hajaniita nilitazame gari lake, saluni ya kifahari ya Kijerumani yenye umri wa zaidi ya miaka 20. Kila fundi aliyeliona alimwambia kwamba betri imekufa, anunue nyingine. Betri mpya ilifungwa, gari likawaka vizuri kwa siku kadhaa, kisha asubuhi moja likaguna mara moja na kunyamaza. Betri zote tatu zilikuwa nzima zilipofungwa. Kilichoziua ni kitu fulani ndani ya gari kilichoendelea kula umeme milango ikiwa imefungwa na ufunguo umetundikwa ukutani. Tulikipata kwa jioni moja, ingawa ujuzi wa jioni hiyo nilikuwa nimeulipia miaka michache nyuma kwa kukesha siku mbili nikihangaika na gari langu mwenyewe.

Saluni ya kawaida ya zamani ukiizima imezimika. Ya kifahari haizimiki, hulala. Ndani yake mna kompyuta ndogo nyingi za viti vyenye kumbukumbu, milango, kiyoyozi, redio, kengele ya wezi na pengine simu iliyofichwa kwenye egemeo la mkono. Ukichomoa ufunguo, kompyuta hizo hubaki macho kwa muda zikipeana taarifa, halafu husinzia moja baada ya nyingine. Gari likilala sawasawa hutumia umeme kidogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50, wa kulinda saa, kengele na kumbukumbu. Likiwa macho laweza kutumia ampea kadhaa.

Vifaa

Utahitaji mita ya kawaida inayoweza kusoma sehemu ya kumi ya milivolti, na mita ya kubana, yaani yenye taya zinazouzunguka waya, inayopima mkondo wa moja kwa moja (DC) hadi kiwango cha miliampea. Mita nyingi za kubana za bei rahisi hupima mkondo wa AC peke yake, na kwa kazi hii hazina faida yoyote. Naipendelea mita ya kubana kwa sababu haikulazimishi kufungua waya wowote wa betri. Anayetumia mita ya kawaida kwa kuiingiza kati ya betri na waya wake hukata umeme wa gari kwa nukta moja, na nukta hiyo yaweza kuiamsha kompyuta iliyolala au, vibaya zaidi, kuituliza kwa muda ile iliyokuwa imekwama, ili baadaye uone gari ni zima kumbe ni bovu. Tena, mtu akisahau na kuwasha ufunguo wakati mita imeunganishwa hivyo, fyuzi ya ampea 10 iliyomo ndani ya mita yaweza kukatika. Taa ya majaribio ambayo mafundi wengine huiunganisha kati ya taminali na waya siitaki kabisa kwenye magari ya aina hii, kwa sababu haiwezi kukuonyesha tofauti ya miliampea 40 na 140.

Hatua ya 1: Hakikisha betri na alteneta

Chaji betri hadi ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi, na ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Washa injini upime tena: ukipata kati ya volti 13.8 na 14.5, alteneta, yaani mashine inayochaji betri injini ikizunguka, inafanya kazi. Endelea.

Hatua ya 2: Lidanganye gari kwamba limefungwa

Utahitaji kuzifikia fyuzi, na katika magari haya visanduku vya fyuzi huwa zaidi ya kimoja, vikiwa dashibodini, kwenye buti au chini ya boneti. Kwa hiyo lazima milango na buti vibaki wazi huku gari likiamini kwamba vimefungwa. Chukua bisibisi, usukume ulimi wa kitasa cha mlango hadi ubofyeke mara mbili kama vile mlango umefungwa. Fanya hivyo kwa kila mlango utakaoacha wazi, kisha fanya hivyo kwenye kitasa cha buti na cha boneti. Taa za ndani zikizimika, umefaulu.

Kitasa cha buti usikisahau. BMW za mfululizo wa 7 zilizotengenezwa kati ya 1994 na 2001, zile ziitwazo E38, betri yake iko ndani ya buti, na Jaguar XJ kadhaa ziko vivyo hivyo. Anayepima gari kama hilo hufungua buti ili aifikie betri, taa ya buti ikawaka, kompyuta ya mwili wa gari ikajua kwamba buti li wazi, na gari likakataa kulala. Hapo ndipo nilipopoteza usiku wangu wa kwanza. Nilikuwa nikiutafuta mzigo wa umeme niliouweka mwenyewe kwa kufungua buti.

Funga kebo ya betri kwenye mita ya kubana sasa hivi, yaani kabla ya kuanza kusubiri. Ipitishe kebo yote ya hasi, pamoja na vijiwaya vyovyote vidogo vilivyofungwa kwenye taminali hiyo hiyo, ndani ya taya za mita. Kabla ya kubana, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri mita ikiwa karibu na mahali utakapobana, maana mita hizi huvutwa kidogo na sumaku ya vyuma vya jirani.

Hatua ya 3: Subiri

Hatua hii inasomeka kama upuuzi, lakini ndiyo iliyonigharimu kuliko nyingine zote, kwa hiyo niruhusu nirefushe maneno.

Washa ufunguo, uzime, uutoe, kisha funga gari kwa rimoti. Ufunguo wenyewe upeleke mbali, hasa ikiwa gari lako huutambua ufunguo ukiwa mfukoni, kwa sababu litaendelea kuutafuta na halitalala. Andika saa kwenye karatasi. Dakika ya kwanza mita yaweza kuonyesha ampea 5 au zaidi. Itashuka hadi 2, ikae hapo, ishuke tena hadi sehemu ya ampea, ikae, kisha ishuke kwa mara ya mwisho. Kila ngazi unayoiona ni kundi la kompyuta linaloingia usingizini. Ukiitazama mita dakika ya tano na kuona ampea 1.2 utaapa kwamba umempata mwizi, na hujampata mtu yeyote.

Muda hutofautiana kati ya gari na gari. Kwa BMW za E38 na E39 (mfululizo wa 5 wa kipindi hicho) kiwango kinachojulikana ni dakika 16 hivi, na zina alama nzuri inayokuokoa na kubahatisha: taa ndogo ya herufi za gia kando ya fimbo ya gia hubaki ikiwaka hadi gari linapolala. Herufi zikiwa bado zinang'aa baada ya nusu saa, kuna kompyuta inayokataa kulala au inayoamshwa na jambo fulani. Magari mengine huchukua nusu saa, na mengine saa nzima. Mimi husubiri saa moja kwa gari lolote nisilolifahamu, na katika saa hiyo siligusi kabisa. Kuegemea mlango kunatosha kuiamsha kengele ya wezi katika baadhi ya magari, na ukivuta kishikizo cha mlango umerudi dakika ya sifuri.

Usiku wangu wa pili ulipotea kwa kosa lililo karibu na hilo. Nilisubiri ipasavyo, nikaona ampea 0.6, kisha nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja kama tulivyofundishwa sote. Nilichomoa ya kwanza, hakuna badiliko. Ya pili, hakuna. Ya tatu ilipotoka mkondo ukaruka hadi ampea 3, kwa sababu kuitoa fyuzi hiyo kuliziamsha kompyuta zilizolala. Nikasubiri tena. Nilipoirudisha, zote zikaamka kwa mara nyingine. Kulipokucha nilikuwa nimeshaihukumu redio, nikainunulia nyingine iliyotumika, na betri ikaendelea kuisha kama kawaida. Redio haikuwa na kosa. Fyuzi yake ilichomolewa katika dakika ile ile ambayo kompyuta nyingine zilikuwa zikirudi kulala, nami nikaona mkondo unashuka nikashangilia.

Basi, mkondo ukitulia chini ya miliampea 50 na ukabaki hapo, usikimbilie kusema gari ni zima. Liache likiwa limefungwa mita usiku kucha ikiwa inaweza kuhifadhi kiwango cha juu kabisa, kwa maana kuna hitilafu za kuja na kwenda: gari hulala, likaamka saa nane za usiku bila kuitwa, likalala tena. Mkondo ukitulia juu ya hapo, tuseme kwenye nusu ampea, fanya hesabu ndogo. Nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 90 itapoteza zaidi ya nusu ya chaji yake kwa siku nne, na gari zito lenye injini kubwa halikubali kupiga stata kwa kilichobaki. Kama hesabu yako haifanani na siku ambazo gari huchukua hadi kushindwa kuwaka, ujue bado hujauona mzigo wenyewe.

Hatua ya 4: Pima fyuzi bila kuzichomoa

Fyuzi ni waya mwembamba, na umeme unaopita ndani yake huacha tofauti ndogo ya volti kati ya ncha zake mbili. Mgongoni mwa kila fyuzi kuna vitobo viwili vya chuma. Weka mita kwenye milivolti, gusa vitobo hivyo kwa ncha mbili za mita, kisha endelea na fyuzi inayofuata. Ikisoma sifuri kamili, hakuna umeme unaopita. Kwa fyuzi ya kawaida ya ampea 10, milivolti 1 ni sawa na takriban miliampea 130. Kwa fyuzi ya ampea 30, ambayo waya wake ni mnene zaidi, milivolti hiyo hiyo ni karibu nusu ampea. Kwa hiyo usizilinganishe fyuzi za ukubwa tofauti kwa kutazama namba peke yake.

Kwa njia hii hakuna kinachokatwa wala kinachoamshwa, na visanduku vyote huisha kwa dakika chache. Fyuzi itakayosoma kitu ndiyo yenye njia ya mwizi. Hapo tu, ukishamjua, ndipo unaruhusiwa kuichomoa mara moja ili uthibitishe kwamba mita ya kubana imeshuka.

Hatua ya 5: Kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye kifaa

Fyuzi moja hulisha vifaa kadhaa, hivyo tafuta mchoro wa umeme wa gari lako na uchomoe soketi za vifaa hivyo kimoja kimoja. Hata hivyo magari ya umri huu yana watuhumiwa wa kudumu. Wa kwanza ni kifaa kinachodhibiti kasi ya feni ya kiyoyozi. BMW za kipindi hicho zinajulikana sana kwa ugonjwa huu, na dalili yake ni feni inayobadilisha kasi yenyewe au inayozunguka polepole gari likiwa limezimwa. Wa pili ni swichi ndogo iliyo ndani ya kitasa cha mlango, ambayo ikichakaa huliambia gari kwamba mlango u wazi. Kwa huyu bisibisi ya hatua ya 2 yaweza kukuficha ukweli, kwa hiyo jaribu pia mlango ukiwa umefungwa kweli. Wa tatu ni maji yaliyoingia kwenye buti na kukifikia kikuza sauti cha redio. Halafu kuna vifaa vilivyoongezwa baadaye na wamiliki waliotangulia, kama vile kengele, kifaa cha kufuatilia gari na chaja za simu, ambavyo huunganishwa mahali popote waya ulipoonekana.

Kwa jirani yangu alikuwa yule wa feni. Nilipouingiza mkono chini ya dashibodi, saa moja na nusu baada ya gari kuzimwa, kifaa hicho kilikuwa na joto kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani.

Hatua ya 6: Fyuzi zote zikisoma sifuri

Angalia alteneta na stata, kwa kuwa kebo zake nene aghalabu hazipiti kwenye visanduku vya fyuzi. Diodi mbovu (kijisehemu cha kuruhusu umeme upite upande mmoja tu) ndani ya alteneta hurudisha umeme kinyume. Iguse alteneta saa chache baada ya injini kupoa: ikiwa ina uvuguvugu peke yake, fungua waya wa hasi wa betri kwanza, ondoa kebo nene ya alteneta, izungushie tepu ili isiguse chuma, rudisha hasi, subiri gari lilale tena na upime.

Kurudisha kila kitu

Kabla ya kufunga mlango wowote, fungua ndimi za vitasa ulizozibofya, kwa kuvuta kishikizo au kwa rimoti. Ukiusukuma mlango ukiwa umesahau, kitasa kitapiga chuma kwa chuma na utanunua kitasa. Kama ulifungua waya wa betri, vioo vya milango na dirisha la paa vitakuwa vimesahau mwisho wa safari yake, na katika magari mengi vitakumbuka ukishikilia swichi kwa sekunde kadhaa kila kimoja kikiwa kimefika juu. Betri iliyo ndani ya buti ina mrija mwembamba wa kutolea gesi nje ya gari. Uchomeke tena mahali pake kabla hujarudisha zulia.

Kisha funga gari, subiri saa moja na upime kwa mara ya mwisho. La jirani lilituama kwenye miliampea 28.