Jinsi ya Kuulinda Moyo Uliodhoofika kwa Dawa Iliyoanza kama ya Kisukari

Dapagliflozini ilibuniwa ili kushusha sukari ya damu kwa kuitoa kupitia mkojo; lakini utafiti wa DAPA-HF, uliochapishwa mwaka 2019 na kuwahusisha wagonjwa 4,744 ambao mioyo yao ilikuwa imepungukiwa nguvu ya kusukuma damu, ulionyesha kwamba ilipunguza vifo vya moyo na kuzidiwa kwa ugonjwa kwa takriban robo, hata kwa wasio na kisukari.

Kwa hiyo, ikiwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kimethibitisha udhaifu huo, muulize daktari kama dawa hii inakufaa pamoja na zile unazotumia. Mweleze mapema iwapo una kisukari cha aina ya kwanza, na uhakikishe figo zinapimwa kabla ya kuanza. Dozi ya kawaida ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Osha na kukausha vizuri sehemu za siri, kwa kuwa sukari iliyomo katika mkojo hukaribisha fangasi, jambo ambalo wagonjwa wengi huona haya kulitaja. Ukitapika, ukiharisha au ukikaribia upasuaji, uliza kama uisitishe kwa muda. Anayekusudia kufunga Ramadhani naye apate ushauri kwanza.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikivimba, nenda kliniki bila kusubiri, wala usiache dawa nyingine kwa sababu tu pumzi imetulia.