Kufufua pikipiki kuukuu Dodoma na kuipeleka Iringa kwa njia ya Mtera

Honda CG125, XL125, Yamaha AG100 na DT za zamani bado utazikuta zimeegeshwa kwenye mabanda ya Dodoma, Chamwino na Kongwa, zimejaa vumbi na tairi zimekaa chini. Nyingi zinafufuka. Zinazokufa moja kwa moja, mara nyingi zinauawa na hamu ya mwenyewe kusikia mlio siku ile ile ya kwanza: silinda ni kavu, oili yote imeshuka chini, kabureta imejaa gundi ya petroli ya miaka, na mtu anapiga kiki mfululizo mpaka jasho linamtoka. Ringi kavu zikisugua silinda yenye kutu, michirizi yake haifutiki tena. Kwa hiyo wiki ya kwanza usiwashe kabisa.

Vipimo vilivyomo humu ni vya CG125, kwa sababu ndiyo iliyoenea na spea zake zinapatikana hadi leo. Penye tofauti kwa injini za oili ya kuchanganya na petroli (tu-stroki, kama AG100 na DT), tutasema.

Kabla hujalipa hata shilingi, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, na hakikisha anayeuza ndiye mwenye jina au yuko tayari kwenda na mwenye jina TRA kuhamisha umiliki. Pikipiki nzuri isiyo na kadi ni mzigo wa vyuma.

Injini iliyoganda

Toa plagi. Changanya oili ya ATF (ya giaboksi za otomatiki) na dizeli nusu kwa nusu, mimina mililita 30 kwenye tundu la plagi, ziba kwa kitambaa, acha siku mbili au tatu. Kisha ingiza gia ya juu kabisa na uitikise tairi ya nyuma mbele na nyuma, taratibu, ukisikilizia. Usiirukie kiki: meno ya gia yake huvunjika kabla pistoni haijasogea, na hapo utalazimika kupasua injini kwa kosa la dakika moja. Ikikataa, ongeza mchanganyiko, subiri tena. Ikikataa baada ya wiki, fungua hedi (kichwa cha injini) na silinda.

Ikishazunguka, mwaga oili yote ya zamani. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe zinazong'aa, kuna beringi au gia inayokula. CG125 haina filta ya karatasi. Ina wavu mdogo na chujio la kuzunguka kwenye ncha ya krenki, chini ya kava la upande wa klachi, na humo tope la miaka hugandamana likawa gumu. Mafundi wengi hulipita. Lifungue, likwangue kwa kijiti cha mti, lisafishe kwa mafuta ya taa, na uweke gasketi mpya.

Oili mpya ni kati ya lita 0.9 na 1, aina ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA. Alama hiyo si urembo. Klachi ya pikipiki inalowa oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kulainisha vinavyoifanya iteleze. Unapopima, simamisha pikipiki wima, na dipstiki iguse tu bila kuifunga kwa nyuzi.

Sasa pima kompresheni: kijiko kidogo cha oili kwenye silinda, plagi nje, kiki mara kadhaa ili oili ienee, kisha funga geji na ukanyage kiki huku umevuta akseli yote. Chini ya 100 psi kuna tatizo. Ongeza kijiko kingine cha oili upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda zimechoka. Kikibaki pale pale, valvu hazikai sawa.

Tapeti (nafasi ndogo iliyo juu ya valvu) hupimwa injini ikiwa baridi: alama ya T kwenye sumaku (gurudumu la kuzalisha umeme) ilingane na alama ya kava, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga, na nafasi iwe milimita 0.08 kwa zote mbili. Tapeti zilizolegea zinagonga, na kelele yake inamtisha mwenye pikipiki. Lakini mbaya zaidi ni zilizobana, maana hazipigi kelele yoyote. Valvu ya eksozi inashindwa kukaa vizuri kwenye kiti chake, joto halina pa kutokea, nayo inaungua ukingo ukiwa barabarani. Injini kuukuu iliyo kimya mno ipimwe mara mbili.

Moto na petroli

Plagi ni D8EA, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Injini yenye platini (vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa plagi), zisugue kwa msasa laini, zifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, na ziache milimita 0.3 hadi 0.4 zinapofunguka kabisa. Moto uwe wa bluu na wenye sauti ya "tak". Ukiwa mwekundu mwembamba, kwanza safisha waya wa bodi (unaofungwa kwenye chuma cha fremu) hadi chuma kionekane, kisha shuku kondensa, na koili iwe ya mwisho. Watu huanza na koili kwa sababu ndiyo inayouzwa ghali.

Tenki lenye kutu, toa koki, ziba tundu, weka konzi mbili za nati ndogo na ulitikise, mwaga, kisha lijaze siki nyeupe usiku na mchana mmoja. Suuza, jaza maji yenye vijiko vikubwa vinne vya magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena, na anika kwenye jua la Dodoma mpaka kukauka kabisa. Siku hiyo hiyo zungusha oili kidogo ndani, la sivyo kutu mpya itaanza usiku. Weka filta ndogo kwenye mpira wa petroli hata kama hukuikuta.

Kabureta ndiyo inayotaka uvumilivu. Fungua bakuli, toa boya, sindano, jeti kubwa na jeti ndogo. Nyanyua jeti ndogo uielekeze kwenye mwanga: tundu lake ni jembamba kama unywele, na lazima uone nuru ya duara kamili. Ukiona nusu duara, bado ina gundi. Iloweke kwenye petroli safi, ipulize, na kama lazima uizibue tumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme. Waya wa chuma au sindano ya kushonea huipanua jeti, na kuanzia hapo pikipiki itakula mafuta na kukataa kukaa silensa (kunguruma taratibu bila kuvutwa akseli), na hutajua kwa nini. Pulizia pia vijitundu vyote vya mwili wa kabureta. Skrubu ya hewa, ifunge hadi iguse bila kukaza, kisha uirudishe mzunguko mmoja na nusu.

Mpira au plastiki inayounganisha kabureta na hedi ukiwa na ufa, injini inavuta hewa isiyopimwa na kuungua kwa joto. Ikishawaka, nyunyizia maji ya sabuni hapo: mlio ukibadilika, umepata tundu.

Sponji ya filta ya hewa ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, ikauke, ilowekwe oili na kukamuliwa. Vumbi letu la kiangazi ni laini sana, na sponji kavu haliwezi kulizuia.

Wenye AG100 na DT: msiziamini pampu za oili zilizolala miaka. Tenki la kwanza changanyeni oili ya tu-stroki mililita 20 kwa kila lita ya petroli, huku pampu nayo ikifanya kazi, hadi mwone kiwango kwenye tenki la oili kinashuka. Moshi utakuwa mwingi. Acheni uwe.

Chini ya injini

Tairi ina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyopita miaka saba au yenye nyufa, itupe hata kama meno yamejaa. CG125 nyingi huvaa 2.75-18 mbele na 3.00-17 au 3.00-18 nyuma. Gonga spoku moja moja kwa spana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea. Beringi za magurudumu nunua kwa namba iliyoandikwa juu yake, ila chagua yenye 2RS, maana ina mpira pande zote mbili na vumbi halipiti. Brekishu zenye bitana chini ya milimita 2 zibadilishwe. Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hivi, ukiizungusha gurudumu na kupima penye mkazo zaidi, na klipu ya kiungo ikae na upande uliofungwa ukielekea inakokwenda cheni.

Majaribio, kisha safari

Ikiwaka, iache dakika tano, izime, ipoe kabisa, kaza nati za eksozi na za kushikilia injini. Baada ya kilomita 100 badilisha oili. Kama ulibadilisha ringi au pistoni, kilomita 500 za kwanza usizidi 60 kwa saa, na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Jaribio zuri ni Dodoma hadi Bahi na kurudi, zaidi ya kilomita 100 za lami, karibu na mji. Ukirudi, toa plagi: rangi ya biskuti ni salama, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, nyeupe ni petroli haba au hewa ya kuiba, na nyeupe hiyo haisafiri.

Iringa kwa Mtera ni kama kilomita 260. Unatoka Dodoma kwenye mita 1,100 hivi, unashuka hadi kama mita 700 kwenye bwawa la Mtera ambako joto ni kali, kisha unapanda milima ya Nyang'oro hadi Iringa, mita 1,600 hivi. Ondoka alfajiri ili Mtera uipite kabla ya saa nne asubuhi. Jaza tenki Dodoma: kwa pikipiki kuukuu hesabu kilomita 30 kwa lita, yaani lita 9. Petroli ya chupa ukilazimika, ichuje kwa kitambaa na usimimine tone la mwisho, maana maji hukaa chini.

Mwendo ni 60 hadi 65. Simama kila baada ya saa moja: gusa kitovu cha kila gurudumu (kikichoma, breki inashika au beringi inakufa), tazama oili na cheni. Mlimani shusha gia mapema. Injini inayovutwa kwa gia kubwa hupata joto zaidi kuliko inayozunguka haraka. Mteremkoni usizime injini. Wa tu-stroki vuteni akseli kidogo kila mara, kwa sababu akseli ikifungwa oili nayo inapungua wakati pistoni inakimbia.

Beba spana ya 8, 10, 12, 14 na 17, ya plagi, plaiza, tairileva mbili, pampu, viraka, tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma (miiba ya migunga haina huruma ukiegesha pembeni), plagi, fyuzi, kiungo cha cheni 428, waya wa akseli na nusu lita ya oili. Waya wa klachi wa akiba ulaze kando ya ule unaotumika tangu nyumbani, umefungwa kwa tepu. Ukikatika, unachomeka ncha mbili tu.

Iringa, iache ipoe usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, pima tapeti tena, kwa kuwa mara nyingi hubana kidogo baada ya safari ya kwanza ndefu, kisha kaza nati za eksozi na urejeshe oili kwenye alama ya juu.