Kabla mkasi haujagusa barua ya bibi

Harusi zikikaribia, hakosi mtu wa kuja kwangu na mkebe wa biskuti. Ndani mna barua zilizofungwa uzi: za babu alipokuwa Unguja, za ami aliyekwenda Maskati, za mama alipokuwa bado kigori. Anataka zigeuzwe zawadi ya bibi harusi: fremu, kijitabu cha kushonwa kwa mkono, foronya ya kutarizi. Na swali lake la kwanza huwa ni gundi gani nzuri. Humwambia aweke mkebe mezani tunywe kahawa kwanza. Kutengeneza ni kazi ya siku mbili tatu. Yanayotangulia ndiyo yatakayokula mwezi.

La mwanzo ni kuzisoma, zote, mpaka saini. Barua zetu zina salamu ndefu. Hali yangu njema, sijui wewe, nisalimie fulani na fulani. Ukishadhani umeijua ni barua ya namna gani, ukurasa wa pili unakutana na deni la mtu, posa iliyokataliwa, au mtoto ambaye nyumba nzima haimtaji. Na zawadi hufunguliwa mbele za watu. Kwa hiyo gawa mafungu matatu: za kuonyesha, za kuulizia kwanza, na za kurudi mkebeni kimya kimya. Karatasi ni ya aliyeandikiwa, lakini maneno ni ya aliyeandika. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huyalinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, jambo lenye uzito zaidi kwa anayetaka kuchapisha au kuuza. Nyumbani kuna mamlaka kubwa kuliko hiyo, nayo ni dada mkubwa wa marehemu. Muulize yeye mapema, si usiku wa kupamba.

Ukikuta barua inayotaja kiwanja, nyumba, mahari isiyomalizwa au wosia, hiyo si ya mapambo. Pwani hii mambo ya ardhi na mirathi huzuka hata baada ya miaka arobaini, na kikaratasi alichokidharau kila mtu ndicho hutafutwa wakati huo. Itie bahasha yake, uwaambie watu wazima iko wapi.

Zikiwa za khati za Kiarabu, jipe muda zaidi. Wengi wa rika langu tunaweza kusoma msahafu, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo kinatushinda. Kiarabu hakina p wala ch, na waandishi wengi wa zamani waliandika p kwa herufi ya b, hivyo "pata" na "bata" huonekana mamoja. Msomaji huamua kwa maana ya sentensi. Anayefaa ni mzee aliyezoea barua za namna hiyo, si lazima mwalimu wa chuoni. Mwandalie chai, kaa naye alasiri baraza ikiwa tulivu, na umrekodi kwa simu anaposoma kwa sauti. Mara nyingine rekodi hiyo huwa zawadi bora kuliko fremu yenyewe.

Tarehe pia itafute sasa. Ikiwa ni ya Hijria, usikisie: mwaka 1370, kwa mfano, ulianza Oktoba 1950. Ikiwa haikuandikwa, angalia bahasha. Enzi za ukoloni, tangu 1935, stempu za huku zilikuwa za pamoja, zimeandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ilikuwa na zake. Yenye sura ya Malkia Elizabeth haitangulii 1952. Muhuri wa posta ukisomeka umemaliza kazi, basi usiutupe kwa kupenda barua peke yake.

Kuna jambo ambalo vitabu vya kazi za mikono havilitaji, na kwetu ni la kwanza. Barua nyingi huanza na Bismillahi, na nyingine zina aya au dua katikati. Maneno hayo hayaendi kwenye foronya ya kulalia, wala kikalio, wala trei ya kuwekea vikombe. Kwa kitu kitakachokaliwa au kufuliwa, chagua mstari wa mapenzi au wa utani. Hata mabaki uliyoyakata kwenye nakala, yenye jina la Mwenyezi Mungu, hayaingii kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya mihogo.

Nimesema nakala, na hapa sina simile. Zawadi itengenezwe kwa nakala. Ya asili irudi mkebeni. Siku za ujinga wangu nilipeleka barua moja ya bibi dukani ikatiwe plastiki kwa mashine ya moto, ili "isiharibike". Ilitoka inang'aa. Masika ya pili nikaona madoadoa ya kijivu yanatambaa ndani kwa ndani. Unyevu ulifungiwa humo pamoja na barua, na plastiki ile haibanduki bila kung'oa wino. Bado ninayo. Selotepu nayo ni ndugu yake: hukauka, hubaki doa la rangi ya chai.

Barua ipeleke saiba, duka la kompyuta, ikaskaniwe kwa dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha), pande zote mbili na bahasha pia, na usimame pale pale mpaka ikurudie mkononi. Zile barua za anga za buluu, zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe, zina maneno mpaka kwenye masikio yaliyogundishwa; zifungue taratibu na usikubali kuwekwa kwenye mashine inayovuta karatasi. Ukipiga kwa simu, kaa karibu na dirisha asubuhi, zima flashi. Programu za kuskani hupenda kuifanya karatasi nyeupe pe, na ule umanjano ndio tunaoutaka. Kuchapisha, omba mashine ya leza. Wino wa majimaji wa printa ndogo za nyumbani huchuja kwa jasho la kidole tu.

Majira yana neno. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 kwa muda mrefu hulea ukungu, na Mombasa siku nyingi tuko juu ya hapo. Mimi huzifungua barua wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mvua zikiwa mbali. Mwezi wa tano mkebe haufunguliwi. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie humo. Ukiona vijidudu vya fedhafedha, funga barua ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke friza wiki mbili, kisha uuache ufikie joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo karatasi itatoka jasho. Kuzifukiza udi najua ni desturi, nami naipenda harufu yake, lakini moshi ni masizi. Fukiza chumba, barua zikiwa zimefungiwa.

Mikono: osha, kausha, usiwe umetoka kupaka mafuta ya nazi. Karatasi iliyojikunja isipigwe pasi. Ilaze kati ya karatasi mbili safi zisizo na wino, juu weka vitabu vizito, uisahau wiki nzima.

Baada ya hayo ndipo uamue unatengeneza nini, na hapa mwangalie anayepewa. Anayeishi ghorofani Nyali ana ukuta wa fremu. Anayesafiri baada ya harusi atashukuru kijitabu cha kuingia kwenye mkoba. Kwa mwanamke mtu mzima sijaona kinachoshinda leso. Tunayo desturi ya kusema kwa nguo, na jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kama barua zetu, nalo lilianza kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi. Nenda Biashara Street uchague doti ya rangi ampendayo, kisha tarizi mstari mmoja wa barua pembeni, kwa mwandiko ule ule wa aliyeuandika, uliofuatishwa kwa penseli juu ya nguo. Fanya jaribio kwenye kitambaa cha zamani kwanza. Mstari uwe mfupi. Maneno saba yanatosha, ukifika kumi na mawili utajuta kwa macho yako.

Mwisho kata kikaratasi, uandike kwa penseli: nani alimwandikia nani, kutoka wapi, mwaka gani, na barua ya asili iko kwa nani. Kishone nyuma ya fremu au kwenye jalada la ndani. Ikiwa ni leso, mpe mkononi.