Taa za mbele hafifu? Anza na waya

Kabla hujanunua balbu kali za gari lako la porini, washa taa injini ikiunguruma, kisha pima volti kwenye betri na kwenye soketi ya balbu. Magari mengi ya zamani hupitisha umeme wote wa taa kwenye swichi, na volti hupotea njiani. Balbu ya halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30!

Funga rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa), moja ya fuli na moja ya dimu, zivute umeme betrini kupitia fyuzi na waya mnene. Swichi ibaki na kazi ya kuziamsha tu. Ukiweka balbu za wati 100 bila rilei, utanusa plastiki ikiungua. Mwisho, rekebisha mwelekeo wa taa, hasa kama umeinua springi.