Mmea hautoi maua? Cheki taa ya usiku kwanza

Jamani kama una kalanchoe au poinsettia ndani na imejaa majani ya kijani tu, maua hamna, usikimbilie mbolea, cheki taa kwanza. Hii mimea inajua msimu kwa kupima giza, yaani usiku ukirefuka ndo inajua muda wa kuchanua umefika, na inataka giza mfululizo lisilokatwa. Kwenye majani kuna protini inaitwa fitokromu inayohisi mwanga, sasa ukiwasha taa hata dakika chache tu usiku wa manane unaweza kuvuruga hesabu yote, mmea unaona bado siku ni ndefu.

Cha kufanya, kila jioni ufunike na boksi au uuweke kabatini masaa 14 hivi, asubuhi utoe upate mwanga wa kutosha, endelea hivo wiki 6 mpaka 8 bila kuruka hata siku moja, hapa ndo wengi wanakwama na inauma kweli maana mmea ulishakaribia.

Spinachi na letasi ni kinyume kabisa, zenyewe siku zikirefuka zinakimbilia maua na letasi inakuwa chungu, hizo wahi kuzipanda siku zikiwa bado fupi.