Kagua kadi yako ya mkopo kila wiki

Usingoje taarifa ya mwisho wa mwezi. Kila Jumatatu fungua programu ya benki upitie malipo yote, hasa yale madogo ya shilingi elfu mbili tatu usiyoyakumbuka: mwizi hupima kwanza kama kadi inapitisha, ndipo akombe. Ukiona hata moja, funga kadi papo hapo, piga namba iliyo nyuma yake, uombe namba ya malalamiko na uiandike. Ukilipa kwa dola, kiasi cha shilingi huweza kubadilika kidogo muamala unapokamilika. Huo si wizi. Hoteli nayo, tuseme umelala Entebbe, huweza kuzuia pesa kwa muda, hakikisha zimeachiliwa. Washa ujumbe wa simu kwa kila muamala, na ukibadilisha laini iambie benki siku hiyohiyo.